Kukagua Rekodi ya Jinai ya Wanaojitolea katika Miradi ya Jamii: Mwongozo kwa Waratibu na Kamati

Kamati nyingi za miradi ya jamii, zinapoanza kuwakagua watu wanaojitolea, hukimbilia kuuliza cheti cha polisi kiko wapi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini hutanguliwa na jingine: mtu huyu anakwenda kufanya kazi gani, pamoja na nani, na kwa muda gani atakuwa peke yake na wale tunaowahudumia? Anayepaka rangi ukuta wa zahanati mchana pamoja na wenzake wengi hahitaji ukaguzi unaomfaa mtu atakayekaa na mtoto chumbani wakiwa wawili tu ili amfundishe kusoma. Cheti chenyewe hujibu jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Hueleza iwapo, katika kumbukumbu zilizotafutwa, kwa majina au alama za vidole zilizowasilishwa, ilipatikana hukumu ambayo sheria inaruhusu itajwe. Hakithibitishi wema wa mtu, na wala hakitabiri atakalolifanya mwezi ujao. Maelezo yanayofuata yamekusudiwa waratibu na kamati ndogo zisizo na ofisi ya utumishi wala mwanasheria wa kudumu, ambazo zinataka kuwalinda wanaohudumiwa bila kuwadhalilisha waliojitokeza kusaidia.

Orodhesha kazi kabla ya kuorodhesha watu

Andika kila kazi ambayo mradi wako huwapa wanaojitolea, hata zile zinazoonekana ndogo kama kupanga viti au kupiga picha kwenye hafla. Kisha jiulize kuhusu kila moja: anayeifanya hukutana na watoto, wazee wasiojiweza, wagonjwa, au watu wenye ulemavu wanaotegemea msaada wa mwingine kila siku? Hukutana nao mara moja kwa mwaka au kila wiki? Yupo mtu mzima mwingine anayewaona wakati huo? Huingia majumbani mwao? Hushika fedha, funguo au majalada yenye habari zao? Huwapakia kwenye gari? Lipo pia swali ambalo husahaulika mara kwa mara, nalo ni kama ataweza kuwasiliana nao kwa simu baada ya saa za mradi, mahali ambapo hakuna msimamizi anayesoma kinachoandikwa. Mpiga picha wa hafla huonekana hana athari kwa sababu hakai na mtoto faraghani, lakini huondoka na picha za watoto, majina yao, na mara nyingi namba za simu za wazazi.

Majibu hayo yatakugawia kazi katika mafungu yasiyozidi matatu. Fungu la kwanza ni la kazi zisizo na ukaribu wowote na watu walio katika hatari, ambazo kitambulisho na mazungumzo mafupi vinazitosha. La pili ni la kazi zenye dhamana ya mali au taarifa, kama mweka hazina au mtunza stoo, ambazo rekodi inayozihusu ni ya wizi, ulaghai na kughushi. La tatu ni la kazi za ukaribu na watoto au watu wazima wasioweza kujilinda, na hapo ndipo ukaguzi wa kina huhitajika bila mjadala. Wajumbe wa kamati wenyewe wasijitoe katika mgawanyo huu. Inafaa hata wawe wa kwanza kukaguliwa, kwa kuwa wao ndio wanaoamua nani aaminiwe, na pia kwa sababu mwombaji hukubali kwa moyo mweupe utaratibu ambao mwenyekiti amekwisha kuupitia.

Kishawishi cha kumkagua kila mtu kwa kiwango cha juu ni kikubwa, kwa sababu huonekana ni usawa na hurahisisha maelezo. Mimi nashauri kamati zikiepuke. Katika baadhi ya nchi ni kosa kuomba ukaguzi wa kiwango ambacho kazi husika haikistahili. Hata pale ambapo si kosa, unakusanya siri za watu usizozihitaji na ambazo sasa utawajibika kuzilinda, huku ukiwafukuza kimyakimya wale waliowahi kuteleza ujanani na ambao wangefaa sana kuchimba mitaro au kupanda miti.

Jua sheria ya mahali ulipo

Hakuna utaratibu mmoja unaotumika duniani kote, na mratibu aliyewahi kufanya kazi katika nchi moja asidhani kwamba mambo ni yale yale katika nchi nyingine. Nchini Kenya, cheti hutolewa na Kurugenzi ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai. Mwombaji mwenyewe huanzisha maombi kupitia eCitizen, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, kisha huchukuliwa alama za vidole. England na Wales zina taasisi iitwayo Disclosure and Barring Service, iliyoundwa mwaka 2012, ambayo ina ngazi kadhaa za ukaguzi. Ngazi ya chini huonyesha hukumu ambazo bado zinatajika kisheria, na ile ya juu kabisa huweza kubeba pia taarifa ambazo polisi wanaona zinahusika, pamoja na kuangalia orodha ya watu waliozuiwa kufanya kazi na watoto au na watu wazima walio katika hatari. Ujerumani, tangu mwaka 2010, ina cheti cha kina maalumu kwa wanaofanya kazi na watoto na vijana, na anayejitolea husamehewa ada yake.

Australia imechukua njia tofauti. Kila jimbo lina mpango wake wa kibali cha kufanya kazi na watoto, na katika New South Wales kibali hicho hudumu miaka 5, huku mamlaka zikiendelea kufuatilia rekodi za mwenye nacho, ili kosa jipya lisisubiri siku ya kuhuisha kibali ndipo ligundulike. Afrika Kusini nayo inazo sajili mbili zilizo nje ya cheti cha kawaida cha polisi, yaani sajili ya taifa ya wakosaji wa makosa ya kujamiiana na sehemu ya sajili ya ulinzi wa watoto inayotaja watu wasiofaa kufanya kazi na watoto. Kamati itakayoridhika na cheti cha polisi pekee mahali penye sajili za namna hiyo itakuwa imeacha mlango muhimu bila kuubisha.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika fomu yoyote, nenda katika ofisi inayotoa vyeti, au kwa shirika kubwa la eneo lako lenye uzoefu wa ulinzi wa watoto, ukaulize nani anayeruhusiwa kuomba taarifa hizo, mwombaji au taasisi. Ngazi zipi zipo na kazi zipi zinastahili kila ngazi. Kama kuna kazi ambazo sheria inalazimisha zikaguliwe. Hukumu zipi huhesabiwa kuwa zimepitwa na wakati na haziruhusiwi kuulizwa. Na kama wanaojitolea wanalipa ada au wamesamehewa. Pale ambapo ada ipo, mradi ndio uilipe. Kumtoza mtu anayetoa nguvu zake bure ni kumpunguzia hamu, na huwatenga wenye kipato kidogo ambao mara nyingi ndio wanaoifahamu jamii kwa undani.

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi nazo zinakuhusu hata kama kamati yako ina watu watano. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018 ina kifungu chake, cha 10, kinachobana ushughulikiaji wa taarifa za hukumu za jinai. Kenya ilitunga sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Misingi yake inafanana: kusanya kile tu unachokihitaji, mweleze mhusika sababu, kilinde, na usikikalie milele.

Andika vigezo kabla jina la mtu halijafika mezani

Huu ndio wakati ambao kamati huona ni wa makaratasi matupu, na ndio ambao nisingeukubali uhesabiwe kuwa wa ziada. Rekodi ya kwanza itakayoonekana inaweza kuwa ya rafiki wa mwenyekiti, au ya mtu ambaye nusu ya kamati hawampendi. Kama vigezo havikuandikwa mapema, kila mjumbe atavitunga siku hiyo kulingana na sura anayoiona akilini. Kurasa mbili zinatosha. Zitaje makosa ambayo humzuia mtu moja kwa moja kushika kazi fulani, kwa mfano makosa ya kujamiiana na ukatili dhidi ya watoto kwa kazi zote za fungu la tatu. Zitaje pia makosa yatakayojadiliwa kwa kuangalia mazingira yake, na zile kazi ambazo rekodi haina uzito wowote kwazo. Ziseme ni watu gani wawili au watatu watakaouona waraka wa mwombaji, kwa sababu kamati nzima haina haja ya kuuona. Ziseme uamuzi utatolewa ndani ya muda gani, mwombaji atajibu vipi, na asiporidhika atakata rufaa kwa nani ambaye hakushiriki katika uamuzi wa mwanzo.

Sera hiyo itangazwe kwenye tangazo la kuomba watu wa kujitolea. Sentensi moja inayosema kwamba kazi fulani zinahitaji ukaguzi wa rekodi ya jinai, na kwamba kuwa na rekodi si lazima kumzuie mtu kupata nafasi, hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Humfanya mwenye nia mbaya afikirie mara mbili, na humpa moyo yule aliyetumikia kifungo kwa kosa lisilohusiana na kazi, ambaye angeondoka bila kuuliza.

Ridhaa, utambulisho na majina yote

Ukaguzi hufanywa kwa ridhaa ya maandishi. Fomu ya ridhaa ieleze kinachokaguliwa, ofisi itakayokagua, watakaoona matokeo na muda wa kuyatunza. Ridhaa iliyofichwa katikati ya fomu ndefu ya kujiandikisha, pamoja na saizi ya fulana na aina ya chakula, haina heshima, na katika nchi nyingi haina nguvu pia. Iwe karatasi yake yenyewe.

Hatua ya utambulisho huchukuliwa kwa wepesi, na hapo ndipo ukaguzi mwingi huharibika. Mwaka 2002 katika mji mdogo wa Soham, England, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mwanamume aliyekuwa mtunza majengo wa shule. Uchunguzi wa umma ulioongozwa na Michael Bichard, uliotoa ripoti yake mwaka 2004, ulionyesha kwamba polisi wa eneo alikoishi awali walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa dhidi yake bila kuziunganisha, na kwamba wakati wa kuajiriwa kwake kumbukumbu zilitafutwa kwa jina moja tu kati ya mawili aliyokuwa akiyatumia. Kutokana na uchunguzi huo ilitungwa sheria ya mwaka 2006 iliyojenga mfumo wa kuwazuia watu wasiofaa kufanya kazi na watoto na watu wazima walio katika hatari.

Kwa mratibu wa mradi mdogo, funzo la kutumia ni la fomu. Uliza majina yote ambayo mtu amewahi kuyatumia: la kuzaliwa, la ndoa, la ubatizo au la kusilimu, la baba na la babu, pamoja na tahajia tofauti zilizopo kwenye vyeti vyake. Uliza mahali alipoishi katika miaka 5 iliyopita, na nchi nyingine yoyote aliyokaa kwa muda mrefu akiwa mtu mzima. Ona kitambulisho halisi chenye picha, linganisha na uso ulio mbele yako, na uandike kwamba umekiona. Nakala iliyotumwa kwa simu haitoshi. Pale ambapo mfumo unatumia alama za vidole, uufuate, maana vidole havibadilishi jina.

Tahadhari moja inahusu tovuti za biashara zinazoahidi kutoa rekodi ya mtu yeyote kwa dakika chache. Nyingi hutafuta kwa jina, na jina la kawaida hubebwa na maelfu ya watu, kwa hiyo unaweza kumfukuza mtu kwa kosa la mwenzake. Upekuzi wa mitandao ya kijamii una kasoro hiyo hiyo, na zaidi ya hapo humpa mratibu habari za dini, siasa na afya ya mtu ambazo hakupaswa kuzijua. Nchini Marekani, ambako kampuni za namna hii ni nyingi, sheria ya mwaka 1970 kuhusu ripoti za taarifa za watu binafsi huzifunga kampuni hizo na wanaozitumia kwa masharti, likiwemo la kumpa mhusika nakala ya ripoti kabla ya kumnyima kazi kwa sababu ya ripoti hiyo, ili apate nafasi ya kuonyesha makosa yaliyomo. Hata kama sheria ya nchi yako haikulazimishi, desturi hiyo ni ya haki na haina gharama.

Kukisoma cheti

Cheti kikifika, kishike kwa macho ya mhakiki. Tazama tarehe ya kutolewa, kwa kuwa cheti huonyesha hali ya siku hiyo tu, na cha miaka miwili iliyopita hakisemi lolote kuhusu miaka hiyo miwili. Linganisha majina na namba ya kitambulisho. Kama kina namba au alama ya kuhakiki, ihakiki katika mfumo wa ofisi iliyokitoa, kwa sababu vyeti vya kughushi vipo. Angalia pia kiwango cha ukaguzi: cheti cha ngazi ya chini kinaweza kuwa kisafi wakati cha ngazi ya juu kingekuwa na maelezo.

Kisha fikiria yale ambayo hayamo. Kwa kawaida hayamo makosa yaliyotendeka nje ya nchi, kesi zilizofutwa kwa kukosa mashahidi, malalamiko yaliyomalizwa kifamilia, wala matendo ambayo aliyetendewa hakuthubutu kuyasema. Makosa dhidi ya watoto hasa yanajulikana kwa kutoripotiwa, na mengi yanayoripotiwa hayafikii hukumu. Kwa hiyo karatasi safi isiwe sababu ya kulegeza usimamizi.

Wapo waombaji ambao hawawezi kupata cheti, na lawama si yao. Mkimbizi hawezi kutakiwa aiandikie serikali aliyoikimbia. Kumlazimisha kunaweza kumhatarisha yeye na jamaa zake. Kwa mtu kama huyo, pata tamko lake lililotiwa saini, watu wawili wanaomfahamu tangu alipofika, na cheti cha nchi anayoishi sasa, kisha umpe kazi zinazofanyika mbele ya wengine mpaka mfahamiane. Vijana walio chini ya umri wa kukaguliwa, ambao England na Wales ni miaka 16, nao hutegemea ridhaa ya mzazi, neno la mwalimu na usimamizi wa karibu.

Rekodi ikionekana

Usiamue siku hiyo hiyo, na usimpigie simu mwenzako kumweleza ulichokiona. Hakikisha kwanza kwamba ni yeye, kisha mwite mwombaji katika mazungumzo ya faragha yenye watu wasiozidi wawili wa upande wako. Mwonyeshe kilichoandikwa na umwachie aeleze. Lugha ya mazungumzo hayo ina uzito wake: hajashtakiwa upya, na kamati si mahakama ya rufaa. Mnachotafuta ni kujua kama kazi anayoiomba na jambo lililomo kwenye karatasi vinagusana.

Mambo ya kupima ni aina ya kosa na uhusiano wake na kazi. Uzito wake, unaoonekana zaidi katika adhabu kuliko katika jina la kosa. Umri wake alipolitenda. Miaka iliyopita tangu hapo. Kama ni tukio moja au ni mwenendo unaojirudia. Na maisha yake tangu siku hiyo. Chukua mwanamke wa miaka 41 aliyehukumiwa kwa wizi wa dukani akiwa na miaka 19, anayetaka kuwasomea wagonjwa vitabu hospitalini. Sioni sababu ya kumzuia. Chukua mtu aliyehukumiwa miaka mitatu iliyopita kwa kughushi hundi, anayeomba kuwa mweka hazina wa mradi wa visima. Huyo asishike fedha, lakini hakuna kinachomzuia kusimamia mafundi au kuendesha mikutano ya wananchi. Chukua dereva aliyewahi kuhukumiwa mara mbili kwa kuendesha akiwa amelewa, anayejitolea kuwapeleka wazee kliniki. Hapo kosa na kazi vimeketi kiti kimoja, na jibu ni hapana, hata kama ni mcheshi na wazee wanampenda.

Lipo kundi la makosa ambalo halina mizani ya namna hii. Mtu aliyehukumiwa kwa kosa la kujamiiana na mtoto hapewi kazi ya ukaribu na watoto, na kupita kwa muda hakubadilishi hilo. Katika nchi zenye orodha za watu waliozuiwa, kumpa kazi hiyo kwa kujua ni jinai kwa aliyempa, na kuiomba tu ni jinai kwa aliyeomba. Ukigundua maombi ya namna hiyo, wasiliana na mamlaka.

Tofautisha hukumu na shtaka. Aliyekamatwa akaachiwa, au aliyeshtakiwa mahakama ikamwona hana hatia, hana hukumu, na kumtendea kama mwenye nayo ni dhuluma. Kesi ikiwa bado inaendelea na inahusu ukatili au watoto, ni busara kusitisha kazi yake ya ukaribu mpaka iishe, kwa maneno yanayoonyesha wazi kwamba ni tahadhari na si adhabu. Zipo pia hukumu ambazo sheria imekwisha kuzizika. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 ya kuwarejesha wakosaji katika jamii, ambayo huruhusu hukumu nyingi zisitajwe baada ya muda fulani, ingawa kazi za ukaribu na watoto zina masharti yake tofauti. Kuuliza usichoruhusiwa kuuliza ni kosa lako, hata kama aliyeulizwa amejibu kwa hiari.

Itatokea pia kwamba mtu hakusema jambo kwenye fomu, nalo likaonekana kwenye cheti. Kamati nyingi huchukulia hilo kuwa uongo na kufunga mjadala. Wakati mwingine ni uongo kweli. Wakati mwingine swali la fomu lilikuwa halieleweki, au mtu aliamini faini aliyoilipa papo hapo haikuwa hukumu, au aliambiwa na wakili wake kwamba limekwisha. Muulize kabla ya kuhitimisha. Ikibainika kwamba alificha kwa makusudi jambo linalohusu kazi yenyewe, hapo kuficha kwake ni sababu tosha ya kumkatalia.

Uamuzi uandikwe kwa ufupi pamoja na sababu zake, na mwombaji apewe kwa maandishi. Kama jibu ni hapana kwa kazi hii, fikirieni kazi nyingine kabla ya kumuaga.

Yale ambayo cheti hakiyafikii

Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya cheti kisafi na kanuni ya kwamba hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, ningechagua kanuni. Inafanya kazi dhidi ya yule ambaye hajawahi kukamatwa, na hao ndio wengi. Kazi yako ni kuhakikisha wapo watu wazima wawili kila mara, milango ina kioo au inaachwa wazi, safari hazifanywi na mtu mmoja na mtoto mmoja, na mawasiliano ya simu hupitia kundi ambalo msimamizi na mzazi wamo.

Usaili ufanyike hata kwa kazi ya kujitolea. Ripoti ya Bichard ilipendekeza wakuu wa shule wafunzwe namna ya kusaili kwa kuzingatia usalama wa watoto, na pendekezo hilo linafaa kwa kamati yoyote. Uliza kwa nini anataka kazi hii na si ile, angefanya nini mtoto akimwomba atunze siri, na kwa nini aliacha kujitolea kule alikokuwa. Anayeshikilia kwamba lazima awe na watoto wa umri fulani tu, au anayekerwa na kanuni ya watu wawili, amekupa taarifa ambayo hakuna ofisi ya polisi ingekupa.

Wadhamini wawe wawili, wasiwe ndugu, na angalau mmoja awe amemwona akifanya kazi na watu. Usitegemee barua aliyokuja nayo mkononi. Piga simu wewe mwenyewe, kwa namba uliyoihakiki, na uulize waziwazi: je, kuna sababu yoyote ambayo ingekufanya usite kumwacha na mtoto au na mzee asiyejiweza? Msikilize anavyochelewa kujibu. Mashirika ya misaada yamejifunza kwa uchungu kwamba mkosaji huondoka shirika moja kimya na kuajiriwa na jingine, na mwaka 2019 ulianzishwa mpango wa kimataifa wa kupeana taarifa za utovu wa maadili, ambao shirika linaloajiri huwauliza waajiri wa miaka 5 iliyopita kama mtu alipatikana na makosa ya unyanyasaji wa kingono. Kamati ndogo inaweza kuuliza swali hilo hilo bila kujiunga na mpango wowote.

Wakati wa maafa, mafuriko au moto, watu hufika kwa mamia ndani ya siku moja na hakuna muda wa vyeti. Hapo ndipo orodha ya kazi uliyoiandika mapema inapookoa jahazi. Wageni wote wapelekwe kwenye kazi za fungu la kwanza, kama kupakua mizigo, kupika na kusafisha, baada ya kuandikisha kitambulisho. Watoto waliopotezana na wazazi wao wakae na waliokaguliwa tu, na mtu anayejitokeza akisisitiza awahudumie watoto hao, asiruhusiwe kwa sababu ya huruma ya saa hiyo.

Kutunza, kurudia na kufunga jalada

Cheti chenyewe, mara nyingi, hakihitaji kubaki kwako. Andika kwamba kimeonwa, tarehe yake, namba yake, aliyekiona na uamuzi uliofikiwa, kisha umrudishie mwenyewe. Ikibidi kubaki na nakala wakati suala linajadiliwa, ifungiwe kwenye kabati lenye ufunguo au kwenye faili yenye nywila, isitumwe kwenye kundi la simu la kamati, na iharibiwe suala likiisha. Jina la mwenye rekodi lisiandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Namba ya jalada inatosha.

Ukaguzi urudiwe kwa vipindi vilivyotajwa kwenye sera. Kwa kazi za ukaribu, miaka miwili au mitatu ni muda unaofaa pale ambapo hakuna mfumo wa ufuatiliaji wa kudumu. Kati ya vipindi hivyo, kila anayejitolea awe ameahidi kwa saini kwamba atatoa taarifa akishtakiwa au akihukumiwa. Anayehamia kutoka kazi ya fungu la kwanza kwenda la tatu akaguliwe upya kabla ya kuhama, kwa kuwa kule kuzoeleka kwake ndiko kunakofanya watu wasahau kwamba hajawahi kukaguliwa kwa kazi hiyo.

Mtu anapoondoka, vichukuliwe vitambulisho vya mradi, fulana, funguo na ruhusa za kuingia kwenye makundi ya simu. Kama ameondolewa kwa sababu alimdhuru mtu au aliweka mtu hatarini, jambo hilo lipelekwe polisi au ustawi wa jamii, hata kama amekubali kuondoka mwenyewe na kamati ingependa liishie hapo. Nchini England na Wales, katika kazi zinazohusika, kutoa taarifa hiyo kwa taasisi inayoshika orodha za waliozuiwa ni wajibu wa kisheria. Kumbukumbu ya tukio, tofauti na cheti, hutunzwa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa aliyedhuriwa anaweza kujitokeza miaka mingi baadaye akihitaji kujua nani alijua nini, na lini.